Mbegu ya Liyongo: Fasihi ya Kiswahili na Ndoto ya Kuumba Binadamu Bora

Utangulizi

Mtahiniwa anapoombwa kutoa mfano wa mighani katika Karatasi ya Tatu, mara nyingi jina la kwanza kumjia ni Fumo Liyongo. Ataeleza kwamba Liyongo alikuwa jagina mwenye kimo na nguvu zisizo za kawaida, kwamba hakuna silaha iliyomdhuru ila sindano ya shaba iliyodungwa kitovuni, na kwamba aliuawa na mwanawe wa kumzaa. Kisha ataandika kuwa maudhui ni usaliti, na kuendelea na swali jingine. Alama atapata. Hata hivyo, kuna tukio moja katika kisa hiki ambalo darasani tunalipita mbio, nalo ni namna mtoto huyo alivyopatikana.

Makala haya yanakusudia kulirejelea tukio hilo na kulisoma sambamba na riwaya mbili: Kufikirika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1967 baada ya kifo cha mwandishi, na Walenisi ya Katama Mkangi, iliyochapishwa mwaka 1995. Lengo ni kuonyesha kwamba suala la kumtengeneza binadamu bora ili kupata jamii bora, ambalo leo hujadiliwa chini ya jina la uhandisi jeni, lilikuwamo katika fasihi yetu kabla ya maabara kuwa na uwezo wa kulitenda.

Ni vyema kufafanua istilahi mbili kabla ya kuendelea. Uhandisi jeni ni ufundi wa kuzibadilisha chembe za urithi za kiumbe ili awe na sifa fulani au aepukane na sifa fulani. Yutopia nayo ni jamii ya kinjozi iliyokamilika, isiyo dhuluma wala upungufu, ambayo mwandishi huichora ili tuipime jamii yetu kwayo. Mambo haya mawili yanapokutana huzaa swali la kimaadili: je, inafaa kuifikia jamii hiyo kamilifu kwa kuwatengeneza watu watakaoishi ndani yake?

Hoja ya makala haya ni kwamba fasihi yetu haipingi mwili kutibiwa. Inachokipinga ni mtoto kuagizwa, yaani kuletwa duniani kwa ajili ya kazi ambayo watu wengine wamekwisha kuipanga. Mtoto wa namna hiyo huwa chombo, na chombo hakina ahadi na mwenyewe: yeyote akishikaye hukitumia.

Mbegu iliyoombwa

Utenzi wa Fumo Liyongo uliandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, ingawa kisa chenyewe kilikuwa kikisimuliwa na kuimbwa karne nyingi kabla yake. Mandhari yake ni huku kwetu: Pate, Shaka, Ozi na misitu ya bara inayotazamana na visiwa vyetu. Katika utenzi huo, Wagala (ndivyo utenzi unavyowaita Waoromo) wanafika Pate kwa shughuli za kununua chakula, nao wanasikia habari za mtu mmoja asiye na mfano. Wanaomba wamwone. Liyongo anakuja akiwa na mkoba ambao vitu vinavyotolewa ndani yake vinawashangaza. Wakiisha kumwona, wanataka mbegu yake. Mbeu, kama tunavyotamka huku Amu. Wako tayari kumpa mke wa kwao ili azaliwe mtoto atakayekuwa na nguvu kama zake na kuliendeleza kabila lao kwa nguvu hizo.

Ombi hili lichunguzwe vizuri. Wagala hawamwombi Liyongo awe rafiki yao wala awafundishe kupiga upinde. Hawamwombi hata aishi nao. Wanataka kitu kimoja kilichomo mwilini mwake ambacho wanaamini kinaweza kuhamishwa. Kwa lugha ya leo tungesema wanataka jeni zake. Ndoa hapa ndiyo maabara yao, kwa kuwa ndiyo njia pekee waliyokuwa nayo. Wala sultani hapingi. Liyongo anaoa, mtoto wa kiume anazaliwa, naye anakua akiwa na umbo la baba yake.

Kufikia hapa jaribio limefaulu. Mbegu imeshika. Walioagiza wamepata walichoagiza. Lakini mtunzi haachi kisa kiishie hapo, na hapo ndipo penye uzito wa kifasihi.

Sindano na kitovu

Sultani wa Pate anamwogopa Liyongo kwa sababu ya ufalme. Anamtia gerezani, Liyongo anatoroka kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa chachu. Anawatumia watu wa msituni wamwue chini ya mkoma, Liyongo anang'amua hila na kuzidondosha koma kwa mshale bila kupanda mti. Hila za nje zikishindikana, sultani anamgeukia kijana. Anamwahidi cheo na binti yake amwoe, akimletea siri ya mauti ya baba yake.

Hapa pana kinaya ambacho mtahiniwa anaweza kukitumia vyema. Mtoto aliyetakiwa ili nguvu za Liyongo zisipotee ndiye anayezikomesha. Amerithi kimo, amerithi sura, lakini uaminifu hakuurithi, kwa kuwa uaminifu haumo katika mbegu. Waliotaka mbegu walidhani kwamba wakiupata mwili wa Liyongo watakuwa wamempata Liyongo. Walikosea hesabu: walichokipata ni nusu ya mtu, na nusu iliyobaki iliachwa wazi ijazwe na yeyote mwenye ahadi nono.

Sisemi kwamba kijana hana hatia. Utenzi haumwondolei lawama, na tamaa yake imeonyeshwa waziwazi. Ninachosema ni kwamba lawama hiyo haikuanza kwake. Tazama maisha yake: watu wa mama yake wanamtaka kwa ajili ya nguvu zake, sultani anamtaka kwa ajili ya siri aliyo karibu nayo. Katika masimulizi tunayofundisha hatajwi hata kwa jina. Mtu mmoja tu ndiye anayemtazama kama mwana, naye ni Liyongo, ambaye anatambua kwamba kijana amehadaiwa na bado anamwambia siri. Tukio hili huwatatiza wanafunzi. Kwa nini jagina mwerevu aliyeshinda kila hila aishindwe hii? Jibu langu ni kwamba Liyongo hakushindwa kuitambua hila. Alikataa kumfanya mwanawe kuwa adui kabla hajawa adui. Kitovu ni kovu la mahali tulipounganishwa na mama. Ndipo mahali mtu anapokumbushwa kwamba hakujizaa. Si bure kwamba mwili usiopenyeka uliachwa wazi mahali hapo hasa. Jazanda yake inaelekea kusema kwamba binadamu anaweza kuongezewa nguvu kila upande, lakini upande unaomfunga kwa wenzake hauna ngao.

Mwana wa mfalme na kafara ya watu wawili

Shaaban Robert analishughulikia suala hilihili kutoka upande wa dola. Kufikirika ni nchi yenye mfalme mwenye kila kitu ila mtoto. Waganga wa kila namna wanaitwa, kila kundi na ufundi wake, nao wanashindwa. Hatimaye unatolewa utabiri kwamba mrithi atapatikana, lakini atakuja kuugua, na tiba yake ni kafara ya watu wawili: mjinga mmoja na mwerevu mmoja.

Mwalimu atagundua kwamba riwaya hii ina hatua tatu ambazo mantiki yake inafanana na ile ya mbegu ya Liyongo, ila imekwenda mbali zaidi.

Kwanza, mtoto anatakiwa na ufalme kabla ya kutakiwa na wazazi. Uchungu wa utasa upo na mwandishi hauchezei. Lakini kinachohamasisha hazina na waganga wa nchi nzima ni kiti kisicho na mrithi.

Pili, mtoto akiisha kupatikana, malezi yake yanawekewa mipaka na walioagiza. Mwalimu wake, Utubusara Ujingahasara, anafukuzwa kazi kwa kosa la kuongeza michezo katika masomo bila ya idhini. Sisi walimu tunaweza kucheka hapa, na hicho ni kicheko chenye uchungu. Mwalimu alimwona mtoto. Mfalme alimwona mrithi. Michezo haikuwamo katika orodha ya vitu vilivyoagizwa.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, mtoto anapougua watu wengine wanaanza kupimwa thamani. Yupo anayeitwa mjinga, na yupo anayeitwa mwerevu, na wote wawili wanahesabiwa kuwa dawa. Inashangaza kwamba hata mwerevu hasalimiki. Msomaji angetarajia jamii inayotafuta ukamilifu imtoe mjinga na kumbakisha mwerevu. Shaaban Robert anaonyesha kwamba ngazi ya kupima watu ikiisha kusimamishwa, hakuna anayekaa juu yake kwa usalama. Aliyepimwa kuwa duni anauawa kwa uduni wake, na aliyepimwa kuwa bora anauawa kwa ubora wake. Kinachoiokoa Kufikirika ni hoja: mwerevu anasimama na kuihoji sheria yenyewe, na kafara ya binadamu inakataliwa. Nchi inakuwa bora pale inapokoma kupanga nani ni wa kufa kwa ajili ya nani.

Walenisi: jamii mpya, watu walewale

Katama Mkangi alikuwa mwanasosholojia aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na katika miaka ya 1980 aliwekwa kizuizini bila ya kufikishwa mahakamani. Kwa hiyo anapoandika juu ya jamii isiyo na dhuluma hatuwezi kumtuhumu kwamba hakuijua dhuluma. Katika Walenisi, Dzombo anahukumiwa kifo na kutiwa katika chombo cha angani ambacho kimekusudiwa kuwa kaburi lake. Badala ya kufa, anafaulu kukiendesha na kutua katika nchi ya Walenisi, ambako unyonyaji umekomeshwa na watu wanaishi kwa usawa.

Kwa mujibu wa hoja yetu, jambo la kuzingatia ni lile ambalo halitokei. Mkangi alikuwa na chombo cha angani mkononi, yaani alikuwa tayari ameingia katika uwanja wa bunilizi ya kisayansi, na angeweza bila taabu kuwapa Walenisi miili mipya, akili mpya au damu mpya. Jamii yao haisimami juu ya hayo. Inasimama juu ya namna wanavyogawana kazi, mali na heshima. Jina lenyewe linafichua msimamo wa mwandishi: wale ni sisi. Wakaaji wa nchi bora si jinsi nyingine ya viumbe, ni sisi wenyewe tukiwa na uhusiano mwingine baina yetu. Dzombo, aliyetupwa na jamii yake kama taka, anafaa kuishi Walenisi akiwa na mwili uleule aliotupwa nao. Kasoro haikuwa katika nyama yake. Ilikuwa katika sheria zilizomhukumu.

Tukizilinganisha kazi hizi tatu tunapata picha ifuatayo. Katika Liyongo, watu wanatafuta nguvu kwa njia ya mbegu na kupoteza jagina. Katika Kufikirika, dola inatafuta mrithi na kukaribia kuua raia. Katika Walenisi, jamii bora inapatikana bila ya mtu yeyote kutengenezwa upya.

Je, haya ni ya vitabuni tu?

Msomaji anaweza kuuliza iwapo tunazilazimisha kazi za kale zizungumzie mambo ambayo watunzi wake hawakuyaota. Swali hili ni halali. Jibu ni kwamba ndoto ya kuboresha uzao wa binadamu imekwisha kupita katika nchi yetu yenyewe. Mwaka 1933 ilianzishwa Nairobi jumuiya ya walowezi na madaktari waliojishughulisha na kile walichokiita uboreshaji wa mbari. Mmoja wa viongozi wake, Dkt. H. L. Gordon, alifanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Mwenzake, F. W. Vint, alipima bongo za Waafrika waliokufa na kudai kwamba zilikuwa pungufu zikilinganishwa na za Wazungu. Kutokana na vipimo hivyo Gordon alitilia shaka kama Mwafrika angeweza kuihimili elimu ya Kizungu. Serikali ya Uingereza haikutoa fedha walizoziomba za kuendeleza utafiti huo, na madai yao hayakusimama. Lakini mwalimu wa Kenya hana budi kukijua kisa hiki, kwa sababu ngazi ile ya mjinga na mwerevu iliwahi kusimamishwa hapa, na waliowekwa chini yake ni mababu wa wanafunzi wetu.

Mfano wa karibu zaidi ni wa mwaka 2018. Mwanasayansi He Jiankui wa Uchina alitangaza kwamba amezibadilisha jeni za viinitete, na kwamba wasichana pacha wamezaliwa kutokana na viinitete hivyo. Alikusudia wawe na kinga dhidi ya virusi vya Ukimwi. Watoto hao hawakuwa wagonjwa. Hawakutibiwa, waliongezewa. Na kwa kuwa badiliko lilifanywa kabla hawajazaliwa, wanaweza kulirithisha kwa watoto wao, ambao nao hawakuulizwa. Wanasayansi wengi duniani walilaani kitendo hicho, na mwezi Desemba 2019 mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka mitatu. Ukiyaondoa majina na mitambo, kilichobaki ni kile kilichoombwa Pate: mtoto atakayezaliwa na ngao ambayo watu wengine wamemchagulia.

Pingamizi la selimundu

Lipo pingamizi ambalo haifai kulikwepa. Katika kipindi cha mjadala mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, kama mtu ana selimundu na dawa iko katika jeni, tumwambie asubiri kwa sababu ya Liyongo?" Darasa lilinyamaza. Selimundu si jambo la mbali kwa watu wa pwani. Ni ugonjwa wa damu unaorithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, na wazazi wanaoibeba jeni yake bila ya kuugua wana uwezekano wa robo moja, katika kila mimba, wa kupata mtoto mgonjwa. Anayeuguza mtoto wa namna hiyo usiku wa maumivu hana haja ya kuhubiriwa juu ya yutopia.

Jibu la swali la mwanafunzi huyo ni hapana, asisubiri. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba iitwayo Casgevy, ambayo hurekebisha jeni katika chembe za uboho wa mgonjwa mwenyewe. Mgonjwa yupo, ana jina, anaumwa, naye au mzazi wake ndiye anayeomba. Badiliko hilo halipiti kwa watoto wake. Hakuna mtu aliyeagizwa. Kwa kigezo cha kazi tulizozisoma, tiba hii iko upande wa mtu anayetibiwa. Tatizo lake ni jingine, na ni la Mkangi zaidi kuliko la Kijumwa: bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kama ufundi wa jeni utaponya matajiri peke yao, basi tutakuwa tumepata miili bora ndani ya jamii ileile mbovu, na Walenisi itabaki angani.

Selimundu inatufunza jambo la pili. Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi mwaka 1949, akaona kwamba jeni ya selimundu ilikuwa nyingi pwani na kando ya Ziwa Viktoria, na chache katika nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi wa sababu yake: mtu aliyerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu hukingwa dhidi ya malaria. Kitu kilekile kinachoua kikiwa maradufu ndicho kinachookoa kikiwa kimoja. Laiti mtu angesimama Pwani miaka elfu iliyopita akiwa na uwezo wa kufuta kila kasoro aliyoiona katika damu, angeifuta na ngao ya watoto wengi dhidi ya malaria. Hii ni hoja ya unyenyekevu. Anayetaka kuumba binadamu asiye na kasoro lazima kwanza awe na uhakika kwamba anazijua kasoro zote na kazi zake. Nani anao uhakika huo?

Nasaba na mbegu visiwani

Itakuwa rahisi kwetu sisi wa visiwani kuwalaumu walowezi na wanasayansi wa mbali na kujisahau. Nasi tuna lugha yetu ya mbegu. Tunasema maji hufuata mkondo, na mtoto wa nyoka ni nyoka. Tunauliza mtu ni wa nani kabla ya kuuliza ni nani. Sheria za ndoa zina wenyewe, na makala haya hayaziingilii. Ninazungumzia mazoea ya kuwapanga watoto darasani na mitaani kwa damu zao, huyu wa ukoo wa kusoma, yule wa ukoo wa kuchukua mizigo. Mazoea hayo ni uhandisi wa binadamu bila ya maabara.

Sayansi ya jeni yenyewe imetutolea ushahidi juu ya jambo hili. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa DNA ya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani na mji mmoja wa bara, wengi wao kati ya miaka ya 1250 na 1800. Manda na Faza zilikuwa miongoni mwa miji hiyo. Ilionekana kwamba wengi wa watu wa miji ya pwani walikuwa wamechanganya asili: zaidi ya nusu ya urithi wao ulitoka kwa Waafrika, hasa upande wa akina mama, na sehemu kubwa iliyobaki ilitoka Asia, hasa kwa wanaume wa Uajemi. Waliojenga majumba ya mawe ambayo magofu yake tunayatembelea na wanafunzi hawakuwa mbegu moja iliyohifadhiwa isichanganyike. Ustaarabu tunaojivunia ulijengwa na mchanganyiko ambao hakuna aliyeuagiza.

Na methali zetu haziko upande mmoja. Zipo zinazosema kuzaa si kazi, kazi ni kulea; na samaki mkunje angali mbichi. Mwalimu awaongoze wanafunzi kuziweka methali hizi mkabala na zile za mkondo na nyoka, kisha wamsome tena mwana wa Liyongo: je, kilichomharibu ni maji au mkunjo?

Kufundisha mada hii

Mambo matatu yanaweza kumsaidia mwalimu. Kwanza, wanafunzi wasome tukio la ombi la mbegu kabla ya tukio la sindano. Mpangilio huo pekee hubadilisha majibu yao kuhusu usaliti. Pili, kila kazi iulizwe maswali matatu yaleyale: nani aliyeomba, kwa faida ya nani, na nani hakuulizwa? Tatu, mjadala usiishie katika kusema sayansi ni mbaya. Mwanafunzi anayeugua selimundu huenda yumo darasani, amenyamaza, akisikiliza kama mwalimu atamhesabu kuwa kasoro ya kufutwa au mtu wa kutibiwa. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo maadili ya mada yote hii.

Hitimisho

Fasihi ya Kiswahili imeitazama ndoto ya binadamu bora kwa macho makavu. Imeonyesha kwamba mbegu haibebi utu, kwamba dola inayomwagiza mtoto huishia kuwapima raia, na kwamba jamii bora inaweza kukaliwa na watu walewale wenye vitovu. Wanafunzi tunaowafundisha leo ndio watakaoulizwa, wakiwa wazazi au madaktari au wabunge, ni jeni zipi zibadilishwe na kwa gharama ya nani. Hawatapata mwongozo wa kuwajibia. Wakiwa wamemsoma Liyongo vizuri, watajua angalau la kuuliza.

Maswali ya marudio

1. "Mwana wa Liyongo ni mhasiriwa kabla ya kuwa msaliti." Jadili kauli hii. (alama 20)
2. Fafanua matumizi ya kinaya na jazanda katika tukio la sindano na kitovu. (alama 10)
3. Linganisha jinsi thamani ya binadamu inavyopimwa katika Kufikirika na Walenisi. (alama 20)
4. Kwa kurejelea methali nne, onyesha mvutano uliopo katika jamii ya Waswahili kati ya urithi na malezi. (alama 8)